Septemba Yaota Mkia

Tarehe 15 Agosti 2024, Rais William Ruto aliukabidhi mji wa Eldoret hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Kesho yake makanga mmoja wa matatu ya Langas alinidai shilingi kumi zaidi ya kawaida, na nilipouliza kwa nini, akanijibu kwamba ile niliyozoea ilikuwa nauli ya tao, hii ni ya jiji. Sikuwa nimemaliza kubishana naye simu ikalia. Alikuwa daktari mwenye kliniki ninayoitunzia kompyuta.

"Kijana yangu," akasema, "sisi sasa ni watu wa jiji. Hiyo programu yetu bado ni ya manispaa. Inahama lini?"

Ilikuwa inahama. Tangu katikati ya mwaka nilikuwa nikiing'oa kutoka Java 6, toleo la zamani la lugha iliyoandikiwa, niipande kwenye Java 17, kazi ambayo ukimweleza mtu anakutazama kwa huruma, kisha anakuuliza kama ina pesa. Ni programu huria ya mapokezi na maabara. Mtu yeyote ana ruhusa ya kuichukua, kuifungua, kuirekebisha, na kuwarudishia wenzake ikiwa bora kuliko alivyoikuta. Kliniki yetu ilikuwa imetekeleza mambo matatu ya kwanza.

Wa mwisho kuigusa alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwa mazoezi miaka mingi iliyopita. Aliongeza sehemu ya kusoma majibu kutoka mashine ya damu, akapata kazi Nairobi, akatokomea. Juu ya faili moja aliacha maandishi kwa herufi kubwa: USIGUSE. UKITAKA KUGUSA NIPIGIE KWANZA. Na nambari ya simu. Nikapiga. Yule dada wa mtandao akanijulisha kwa upole kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Chini zaidi katika faili hilohilo, mahali ambapo programu ilitakiwa kuambiwa ifanye nini ikishindwa kusoma tarehe, kijana hakuandika amri yoyote. Aliweka mabano mawili, na katikati yake neno moja: haitatokea.

Wako wanaodhani programu huria ni mambo ya Ulaya yanayotufikia yakiwa yamechakaa. Sisi wa Eldoret hatuna sababu ya kudhani hivyo. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kwenye barabara ya kwenda Kapsabet, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana waliweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Mfumo huo ulijengwa kwa Microsoft Access. Kisha mradi wa AMPATH ukaanza kuwatibu watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, wagonjwa wakawa maelfu, na Access ikaelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief kule Indianapolis wakaanza kubuni mfumo mwingine, na Februari 2006 mfumo huo, OpenMRS, ukawashwa kwa mara ya kwanza kazini. Haukuwashwa Indianapolis. Uliwashwa hapa. Rwanda na Afrika Kusini zilifuata mwaka huohuo, na KenyaEMR inayotumika katika vituo vingi vya umma nchini imejengwa juu yake. Wote hao wanaongea Java, na mwezi ule OpenMRS ilipowashwa, Java mpya kabisa sokoni ilikuwa ya 5.

Ndiyo maana ukiketi karibu na watengenezaji programu wa mji huu kwenye kibanda cha chai utawasikia wakiulizana, "Nyinyi mko ngapi?" Hakuna anayeuliza habari za watoto. "Sisi bado nane," mmoja atasema, akiangalia chini. Java 8 ilitoka Machi 2014, na ziko ofisi zitakazozikwa nayo.

Kubaki nyuma si uvivu. Kwa miaka mingi Java ilikuwa haiondoi kitu. Iliongeza tu. Ukiandika kitu leo, kesho kinasomeka. Baadaye ikaanza kufagia nyumba. Usiku wa kwanza nilipoiweka programu yetu kwenye Java 17, haikukataa kufanya kazi tu, ilikataa hata kuamka. Chanzo kilikuwa kipande kinachoitwa MaxPermSize kwenye faili la kuiwashia. Enzi zile kila mwenye seva ya Java alikuwa nacho. Uliambiwa na mwenzako ukiweke, ukakiweka, na mwenzako naye alikuwa ameambiwa vivyo hivyo. Kiliomba ukubwa fulani wa sehemu ya kumbukumbu ambayo ilikwisha kuondolewa tangu Java 8. Kuanzia hapo, ukiiomba Java sehemu hiyo, ilikuwa ikinung'unika kidogo kisha inaendelea na kazi. Ya 17 hainung'uniki. Inafunga mlango.

Nikakifuta. Ikaamka, ikatembea hatua mbili, ikauliza iko wapi javax.xml.bind. Hiyo nayo waliitoa ndani ya Java mwaka 2018, toleo la 11, na anayeitaka sasa anaifuata mwenyewe kwenye intaneti. Kwa kuifuata kuna chombo kiitwacho Maven, ambacho ukikituma kilo moja ya sukari kinarudi na duka zima. Kilipofika katikati ya duka stima ikapotea. Iliporudi, bando lilikuwa limekwisha.

Halafu kuna kesi ya jina. Oracle, walioinunua Sun Microsystems mwaka 2010 wakairithi Java, waliamua mwaka 2017 kuikabidhi ile sehemu ya kazi za seva kwa Wakfu wa Eclipse. Msimbo wakautoa. Jina wakabaki nalo. Kufikia 2019 mazungumzo yalikuwa yamevunjika: limeni, vuneni, lakini jina lililo kwenye hati ya shamba msiliguse. Nani Uasin Gishu hajaisikia kesi ya namna hiyo? Wakulima wapya wakang'oa vibao vyote, na tangu Jakarta EE 9, mwishoni mwa 2020, kilichoitwa javax kinaitwa jakarta. Java ni kisiwa kule Indonesia na Jakarta ni jiji lililo juu ya kisiwa hichohicho, kwa hivyo wao hawakuhama mbali. Tuliohamishwa ni sisi, faili kwa faili.

Na si kila javax iliyohama. Ile ya servlet ilihama. Ile ya sql imebaki kwao, na ya crypto pia. Hilo kijana wetu wa sasa wa atachi, yaani wa mazoezi ya kazi, hakulijua. Ni kijana mwema, ana nidhamu, anaamkia kila mtu, na katika kompyuta anaamini jambo moja tu: tafuta neno hili, weka lile, kote. Alizibadilisha javax zote kwa mpigo mmoja na kwenda kula chapati. Niliporudi ofisini programu ilikuwa ikiitafuta jakarta.sql, kitu ambacho hakijawahi kuumbwa. Kuzirudisha zile ambazo hazikustahili kuhama kulinila mchana mzima. Kijana alisimama nyuma ya kiti changu akisema pole.

Sasa, katika wiki hiyo ya ujiji, daktari alitaka pia stakabadhi zote ziandikwe Eldoret City pale palipoandikwa Eldoret Town. Alimwagiza kijana wa atachi moja kwa moja, bila kupitia kwangu. Mnajua alichofanya. Kila town ikawa city, pamoja na safu ya hifadhidata iliyoitwa home_town, ile inayoeleza mgonjwa ametoka wapi. Programu ikaanza kuuliza home_city, hifadhidata ikasema haina kitu kama hicho, na kadi za wagonjwa zikachapishwa hivi: jina, umri, jinsia, na chini yake, "Kwao: Haijulikani".

Aliyekabidhiwa ya kwanza alikuwa mzee mmoja kutoka Turbo, mwenye koti zito na fimbo. Alivaa miwani. Akasoma. Akaivua, akaifuta, akavaa tena, akasoma tena, safari hii kwa sauti, ili benchi zima lishuhudie.

"Sista," akasema, "nani amesema mimi sina kwetu?"

"Mzee wangu, ni kompyuta tu, usijali."

"Baba yangu amezikwa Turbo. Babu yangu amezikwa Turbo. Nimekuja hapa Sisibo tangu huyu kijana hajazaliwa." Fimbo ikanielekea. Sisibo ndilo jina wazee wanalouita mji huu kutokana na lile shamba nambari 64 ulikoanzia, na mtu akilitaja ujue hazungumzi na wewe peke yako, amewaita mababu. "Na hiyo kompyuta yenu, imemzika nani, na wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Sista alimkalisha, akamletea chai ya maziwa vikombe viwili, na kadi yake ikaandikwa upya kwa kalamu. Kijana wa atachi alijificha kwenye stoo ya pamba mpaka mzee alipopanda matatu.

Nisiisingizie Java mabaya matupu. Tangu toleo la 9, la Septemba 2017, imeacha orodha yake ya zamani ya majina ya siku na miezi na kutegemea ile ya Unicode, iitwayo CLDR, ambayo ndani yake Kiswahili kimo, kamili, kuanzia Jumapili mpaka Desemba. Bila kuandika chochote cha ziada, kadi zetu za miadi zikaanza kutoka zikisema "Jumatatu, 2 Septemba 2024". Nilizibandika mbili ukutani. Nikaona nisiishie hapo, saa nayo isemwe kwa Kiswahili: "saa 8:00". Asubuhi ya Jumatatu hiyo kliniki ilikuwa tupu kabisa. Saa nane mchana wakafika wote kwa pamoja, wameoga, wametulia, kila mmoja ameshika kadi inayosema saa nane. Kadi za zamani zilikuwa zikisema "8:00 AM" na hakuna bibi aliyewahi kukosea. Sista amenunua kalamu nyekundu ya kuandikia "saa mbili asubuhi" pembeni, na mpaka sasa hataki kusikia kwamba hilo linaweza kufanywa na mashine.

Kwa ujumla, hata hivyo, programu ilitulia mwishoni mwa Agosti. Majibu ya damu yaliingia. Stakabadhi zilitoka. Daktari, ambaye huwa haketi mapokezi bali hutazama mchoro wa kazi ya siku kwenye simu yake usiku akiwa Elgon View, alinitumia kidole gumba. Kisha Agosti ikaisha, na mstari wa maabara kwenye ule mchoro ukaanguka hadi sufuri, ukalala hapo.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba watu wakiona sufuri hawatafuti hitilafu. Wanatafuta maelezo. Sista alisema ni karo: muhula wa tatu umefunguliwa, nani ana pesa za kupimwa damu? Mtu wa maabara, aliyekuwa akichapisha majibu kwenye karatasi siku nzima, alisema kwake yeye kazi iko vilevile, lakini hakuna aliyemsikiliza kwa kuwa hakuwa na mchoro. Askari wa lango ndiye aliyekuwa na nadharia nzito zaidi. "Mahindi bado yako shambani," alisema. "Mtu wa hapa haugui kabla ya kuvuna." Daktari aliipenda hiyo. Aliitisha mkutano, akaeleza kwamba hali ni ngumu hadi mavuno, na kwamba kuanzia siku hiyo chai ya saa nne itakuwa ya rangi.

Naomba asiyetoka huku aelewe uzito wa tangazo hilo. Hapa ni Uasin Gishu, na jirani yetu ni Nandi. Maziwa kwetu si kiungo, ni haki. Sista mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kama kuna kifo. Kijana wa atachi akaanza kuja na chupa yake mwenyewe.

Tulikunywa strungi Septemba nzima. Ndipo ikafika Jumanne, tarehe 1 Oktoba 2024, siku ambayo bima ya NHIF ilikoma na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi yake nchi nzima. Asubuhi hiyohiyo mstari kwenye simu ya daktari ukapanda kutoka sufuri hadi pale ulipokuwa Agosti. Alinipigia simu kabla ya saa sita. "Umeona?" akasema. "Watu walikuwa wanangoja SHA!" Aliieleza hiyo habari kwa madaktari wenzake jioni, kwa takwimu.

Aliyeumaliza uchawi ni mama wa rekodi. Ni mama wa makamo ambaye tangu siku ya kwanza hakuiamini kompyuta, na kwa hivyo kila jibu la maabara alilinakili pia kwenye kitabu chake kikubwa cha kaunta chenye jalada jeusi na mgongo mwekundu. Alinijia, akakiweka juu ya kibodi yangu bila kuniomba nafasi, akakifungua. Agosti, kurasa zimejaa. Septemba, kurasa zimejaa zaidi.

"Mwanangu," akasema, "hawa watu nimewaandika kwa mkono wangu, na majibu wamepewa mikononi. Huko ndani wako wapi?"

Mashine ya damu huandika tarehe hivi: 14-Sep-2024. Ni Mmarekani kwa tabia, ametosheka na herufi tatu. Sehemu ile aliyoiandika mwanafunzi wetu iliamriwa isome tarehe kwa Kiingereza cha Uingereza, na katika Java 6 haikuwa na neno, Mwingereza naye alisema Sep. Lakini ile orodha ya CLDR hupitiwa na watu kila mara, na katika mapitio yaliyoingia Java 16, Machi 2021, ikaamuliwa kwamba Mwingereza akifupisha mwezi wa tisa huandika Sept. Herufi nne. Miezi mingine kumi na mmoja haikuguswa. Kwa hiyo Java yetu mpya ilipokutana na Sep iliitazama, haikuitambua, ikaenda kuuliza ifanye nini, ikafika kwenye mabano mawili, ikakuta imeandikwa haitatokea. Ikalitupa jibu la mgonjwa na kuchukua linalofuata. Mwezi mzima. Tarehe 1 Oktoba mashine ikaandika Oct, na wote wakaelewana tena.

Kosa halikuwa langu, wala la SHA, wala la mahindi.

Ipo dawa ya haraka. Unaiambia Java itumie ile orodha yake ya zamani, kwa neno COMPAT. Nikaiambia. Septemba ikarudi palepale, na Jumatatu ikatoweka: orodha ya zamani haina Kiswahili, kwa hivyo kadi za miadi zikaanza tena kusema Monday. Isitoshe, nilipokwenda kusoma habari zaidi za hiyo COMPAT nikakuta Java 23 imetoka bila hiyo kabisa, tarehe 17 Septemba 2024. Mwezi uleule. Sikuona haja ya kumweleza daktari.

Basi nikaingia kwenye faili la USIGUSE, nikatafuta mstari wenyewe. Uliandikwa Locale.UK. Nikaufanya Locale.US, kwa kuwa Mmarekani katika orodha hiyo bado anasema Sep. Herufi moja tu. Mwingereza alishusha bendera yake Kenya tarehe 12 Desemba 1963, lakini ndani ya lile faili alikaa hadi Oktoba 2024. Kwenye yale mabano nikaandika amri ya kupiga kelele, yaani ujumbe mwekundu kwenye skrini ya mapokezi ambao hauondoki mpaka mtu aubonyeze.

Kilichobaki ni kuyasoma upya mafaili ya Septemba, ambayo mashine ya damu ilikuwa imeyahifadhi yote. Yaliingia kwa dakika chache, na ndani ya dakika hizo programu ikafanya lile inalofanya kila jibu jipya likiingia: ikamtumia mgonjwa ujumbe wa simu. "Majibu yako ya damu yako tayari. Tafadhali fika kliniki."

Watu hawa walikwisha kupata majibu, wakanywa dawa, wakapona. Sasa wanaitwa tena, bila maelezo. Saa moja asubuhi lango lilikuwa limejaa. Waliacha ng'ombe bila kukamwa, wengine walikuja na wake zao, mmoja alikuja na mchungaji. Yule mzee wa Turbo alikuwapo, fimbo mkononi, na aliponiona alitikisa kichwa mara moja, polepole. Daktari alifika, akautazama ule umati kutoka ndani ya gari, akashuka akitabasamu. "SHA hii," akaniambia, akinigonga bega. Siku hiyo chai ilikuwa na maziwa, na sikuona faida ya kufafanua.

Jioni niliyatuma marekebisho kule programu ilikotoka, ili kliniki yoyote duniani inayosoma tarehe kwa Kiingereza cha Malkia isije ikanywa strungi bure. Mtunzaji wake akajibu kwa shukrani, akauliza nani aliyeigundua hitilafu, maana desturi ni kumtaja. Nikamwendea mama wa rekodi. Alinipa majina yake matatu, akataka kuhakikisha nimeyaandika sawasawa, akaniuliza hao watu wako wapi na ni wangapi. Kisha akauliza kama wanatoa alawansi.

"Hapana, mama. Ni programu huria. Kila mtu anajitolea."

"Sawa," akasema, akifunga kitabu chake. "Na nauli?"